Kutoka Goma hadi Nyawera, nyuma ya Musenyeri Munzihirwa

Goma, Jumapili 24 Oktoba 2021

Marehemu baba alituachia nyumba ya mbao, vitabu vya sheria vilivyoliwa na mchwa, na mkanda mmoja wa jeshi. Mkanda wenyewe ni wa turubai, umepauka hadi haujulikani tena ulikuwa wa rangi gani. Bizimu yake ya shaba imeota kutu ya kijani pembeni. Kwetu hakuna aliyekuwa askari. Baba alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, na gwanda alivalishwa kwa nguvu.

Habari yenyewe inajulikana na wazee wengi. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao. Mobutu akafunga chuo, akaamuru wanafunzi wote waandikishwe jeshini. Kijana aliyekuwa akisoma sheria au udaktari akajikuta amenyolewa kichwa, anafundishwa kupiga saluti.

Baba alipokuwa akisimulia hayo hakukawia kwenye mateso. Aliyapita mbio ili afike kwa padri. "Kulikuwa padri mmoja," alisema, "Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa huku kwetu Kivu, Mjesuiti. Yeye hakuitwa na mtu. Aliomba mwenyewe avalishwe kama sisi, ili tusibaki peke yetu." Hapo alinyamaza kila mara, na sisi watoto tulijua kwamba hadithi imekwisha.

Padri huyo alikuwa Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo. Baadaye akawa Askofu wa Kasongo, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu, na jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa barabarani, Nyawera, hapo hapo Bukavu. Ijumaa hii inatimia miaka 25. Nimeomba ruhusa ya wiki moja shuleni ninapofundisha historia. Nataka kufika alikozaliwa, niende aliposoma, kisha siku yenyewe nisimame pale alipoangukia. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwafundisha watoto wa Goma habari za Napoléon, na sijawahi kukanyaga Burhale alikozaliwa yeye.

Mkanda nimeuacha nyumbani, ndani ya sanduku. Kivu ya leo ukikutwa na kitu cha jeshi kwenye kizuizi, utajieleza mpaka jua lizame.

Saa kumi na mbili jioni niko bandarini. Meli ya usiku inapakiwa magunia ya viazi na maharagwe, magodoro, kuku ndani ya vikapu, na mama mmoja aliyebeba cherehani kichwani kama anabeba mtungi wa maji. Nyuma yetu volkano ya Nyiragongo inafuka moshi. Tangu ilipotapika usiku wa tarehe 22 Mei, watu wa Goma hatulali vizuri, na mimi nakiri kwamba nilipoona kamba inafunguliwa na maji yanaanza kutenganisha meli na gati, mabega yalishuka.

Usiku ziwani ni mrefu. Upande wa kushoto taa chache za kisiwa cha Idjwi. Mbele yetu wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma, taa zinaning'inia juu ya maji kuita samaki. Walikuwa wanaimba. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na makasia yanafuata wimbo. Nilisimama kwenye ubao wa pembeni mpaka sauti yao ikapotea.

Bukavu, Jumatatu 25 Oktoba

Tulifika asubuhi na mapema, ukungu bado umelalia maji. Bukavu ukiifikia kwa ziwa unaona vile watu wanavyosema, kwamba mji umetia mkono majini: rasi tano kama vidole vitano, na nyumba zimepanda milima kwa nyuma mpaka mwisho wa macho.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, anakaa Kadutu, juu, mahali ambapo pikipiki inakuacha na unamalizia kwa ngazi za udongo. Alinipokea kwa beseni la maji ya moto na swali.

"Umekuja kwa kilio gani?"

"Hakuna kilio, mama. Nimekuja kwa ajili ya Musenyeri."

"Mulumyana?" Alitaja jina la padri kijana wa parokia yake, kisha akaelewa. Akaweka beseni chini polepole. "Munzihirwa. Basi utanipeleka Ijumaa. Magoti yangu hayakubali tena kuteremka peke yangu."

Mchana jirani yake, mwalimu mstaafu, alikuja kunywa chai, akanisaidia kupanga miaka. Nimeyaandika alivyoyataja, na mengine nilikuwa nayo tayari. Alizaliwa mwaka 1926 Lukumbo, huko Burhale, katika Walungu. Seminari ndogo ya Mugeri. Upadri tarehe 17 Agosti 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Mwaka 1963 akaacha nafasi ya padri wa jimbo, akaanza tena kama mwanafunzi mdogo katika Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Kisha Ubelgiji, Louvain, elimu ya jamii na uchumi. Kisha Kinshasa, kati ya wanafunzi, na ndiko baba alikomkuta. Akawa mkuu wa Wajesuiti wa Afrika ya Kati, na mwaka 1986 akapelekwa Kasongo kuwa askofu.

"Umesikia hiyo ya 1963?" mwalimu aliniuliza. "Padri ana miaka thelathini na saba, watu wanamwita baba, na anakubali kurudi kuwa novisi, afundishwe hata namna ya kukunja shuka. Watu wanasema juu ya kifo chake tu. Mimi nasema angalieni hapo."

Maneno hayo yamenikaa kichwani jioni yote. Ndani ya miaka minane mtu huyu ameshuka mara mbili kwa hiari yake: kutoka upadri hadi unovisi, kutoka kwa mlezi wa wanafunzi hadi kuruta.

Burhale, Jumanne 26 Oktoba

Gari lilitoka saa mbili, abiria kumi na wanne kwenye viti vya tisa. Barabara ya Walungu ni barabara ya taifa kwa jina. Ukishapita Nyantende, lami ni kumbukumbu, na mvua ya Oktoba imefanya udongo mwekundu kuwa sabuni. Mara mbili tulishuka kusukuma. Shoferi, kijana wa haraka na mpole, alituita "bazazi" hata sisi tusio wazazi wake, na kila aliposhinda shimo alishukuru kwa sauti, "Koko bwenene, Nyamuzinda!", asante sana, Mungu.

Nchi ya Bushi ni nzuri kiasi cha kuumiza. Vilima vya mviringo, migomba imezunguka kila boma, ng'ombe wachache pale ambapo zamani walikuwa wengi, mabonde ya majani mabichi na kijito katikati. Baridi inaingia kwenye mifupa. Kwa sisi wa Goma tuliozoea mawe meusi, udongo huu unaonekana kama unaweza kuliwa.

Burhale niliingia saa nane. Padri wa parokia alinikabidhi kwa mzee mmoja, katekista wa zamani, mwenye fimbo iliyochongwa na koti la suti lililokuwa kubwa kuliko yeye. Nilimwamkia, "Mwasibwire, mzee," akacheka kwa sababu mchana ulikuwa umeshapita nusu. Kimashi changu kinaishia hapo, basi tukaongea Kiswahili.

Tulikaa kwenye benchi nje ya kanisa. Nilimuuliza juu ya utoto wa Musenyeri, na mzee alinijibu kwa uaminifu ambao ningependa waandishi wengi wawe nao.

"Mimi nimezaliwa baadaye. Sikumwona mtoto. Nisikudanganye. Lakini naweza kukuambia mtoto wa huku wakati ule aliishi namna gani."

Akaniambia. Mtoto wa Mushi anaanza na ndama. Anajifunza kuwalinda kwenye mteremko, anajifunza subira, kwa sababu ndama hana haraka. Jioni anakaa na wazee karibu na moto, hasemi mpaka aulizwe. Katekista anapita kilimani na kitabu chake, anaandika majina. Anayejua kusoma anatumwa mbali zaidi, kisha mbali zaidi, na chakula chake anabeba kichwani. Na juu ya hayo yote kuna mzungu wa shamba. Ardhi nzuri zilichukuliwa kwa kahawa, chai na kinkina, mti wa kwinini, na watu waliokuwa na ng'ombe wakageuka vibarua kwenye vilima vya babu zao. Fimbo ilikuwepo. Kazi ya lazima ilikuwepo. Miaka ya 1930 Wabelgiji walimng'oa Mwami Rugemaninzi, mtawala wa Kabare, kwa sababu hakuinama jinsi walivyotaka, wakampeleka uhamishoni mbali na watu wake.

Nilihesabu. Munzihirwa alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Burhale iko upande wa Ngweshe, siyo Kabare, lakini habari ya mwami aliyechukuliwa haiwezi kusimama mpakani. Siwezi kusema ilimfanya nini moyoni. Najua tu kwamba alikua katika nchi ambayo kila jioni, karibu na moto, watu walikuwa wakimtaja kwa sauti ya chini kiongozi aliyekataa.

"Na jina Mwene Ngabo?" niliuliza.

Mzee alinyanyua mkono wa kushoto, akaukunja mbele ya kifua kama mtu anayejikinga. "Ngabo ni ngao," alisema. "Mkuki ni kitu kingine. Ngao haitoboi mtu."

Alikaa hivyo kidogo, mkono umekunjwa, kiwiko kimetokeza kupitia tundu la koti.

Nililala kwenye chumba cha wageni cha parokia, chini ya mablanketi matatu.

Njiani kurudi, Jumatano 27 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Sikufika Lukumbo kwenyewe, kijito kilikuwa kimejaa na vijana waliotakiwa kunivusha walikataa, nao walikuwa na haki. Niliona kilima kwa mbali, migomba na moshi wa jikoni. Nimekichora kwenye daftari vibaya sana.

Gari la kurudi lilikwama saa nne nzima kabla ya Walungu, nyuma ya lori lililolala kifudifudi na shehena yake ya mbao. Bukavu saa tatu usiku. Mama mkubwa alikuwa ameniwekea bugali na sambaza, vimefunikwa kwa sahani.

Mugeri, Alhamisi 28 Oktoba

Barabara ya kaskazini ni njema zaidi. Mudaka, Miti, na upande wa kushoto mlima Kahuzi umejifunga kitambaa cha mawingu. Kabla ya uwanja wa ndege wa Kavumu nilimwomba mwenye pikipiki asimame.

Hapa zilikuwepo kambi za INERA na Kashusha. Leo ni mashamba ya mihogo na mabanda ya watu. Hakuna kinachokuambia kwamba mwaka 1994 pande hizi zilifunikwa na turubai kama kilima kimevaa nguo. Mimi niliyaona ya Goma. Nilikuwa na miaka kumi. Mwezi wa Julai mwaka ule watu walivuka kutoka Rwanda mchana na usiku, kisha kipindupindu kikaingia, na kwa kuwa ardhi yetu ni mwamba wa volkano hakukuwa na pa kuchimba makaburi. Mama alitufunga vitambaa puani na kutukataza kutazama barabarani. Tulitazama.

Hapa ndipo habari ya Musenyeri inakuwa ngumu, na sitaki kuirahisisha. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari. Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu ndani ya siku mia moja. Kati ya waliovuka kuja kwetu walikuwemo wauaji, na silaha zao. Walikuwemo pia, na ndio waliokuwa wengi, akina mama, wazee, watoto waliozaliwa njiani. Munzihirwa alifungua milango ya parokia na shule. Hakukubali kwamba mtoto achomwe kwa dhambi ya baba yake, wala kwamba kabila zima lihesabiwe kuwa jambazi mmoja. Aliandika barua kwa wakubwa wa dunia akiwaonya kwamba vita inakuja na kwamba watakaoliwa ni wasio na hatia. Wakati huohuo aliwakemea askari wa Zaire, wale wa Mobutu ambao hawakulipwa mshahara na walijilipa wenyewe kwenye mabakuli ya raia. Kwa hiyo alikosa rafiki kila upande wenye bunduki. Wapo waliomwona adui kwa sababu ya wakimbizi, na wapo wanaomwona hivyo hadi leo.

Neno lake linalotajwa zaidi Bukavu ni lile kwamba kuna mambo yasiyoonekana vizuri ila kwa macho yaliyolia. Nilikuwa nalisoma kwenye kalenda za parokia kama maneno mazuri ya ibada. Nikiwa nimesimama Kashusha, vitambaa vya mama vikinirudia puani, sikulisikia hivyo tena.

Mugeri iko mbele, ukipita Katana, kwenye ukimya wa mikaratusi. Seminari ya zamani, matofali, ua mpana. Wavulana walikuwa kwenye mpira, kanzu hazipo, miguu mitupu, kelele zilezile za shule yangu. Mlezi mmoja alinitembeza kwa ukarimu. Alinionyesha vyumba vya kusomea, kanisa dogo, kengele. Hapa mvulana wa Burhale aliingizwa Kilatini na Kifaransa. Kwa miguu kutoka kwao hadi hapa, kupitia Bukavu, ni safari ya zaidi ya siku mbili, na likizo ilikuwa moja tu kwa muda mrefu. Nilimuuliza mlezi kama kuna dawati au kitabu chake. Akasema hapana, kisha akaniita nione madirisha ya bweni. Kizingiti cha dirisha kimoja kimelika katikati, kimekuwa laini kama mgongo wa kijiko, kwa sababu ya vizazi vya wavulana walioegemeza viwiko wakitazama barabara ya kwenda kwao. Niliegemeza changu. Kinaonyesha kusini.

Jioni nyumbani, umeme umekatika, mama mkubwa alianza kusimulia bila kuulizwa. Leo tarehe 28, alisema, ndiyo siku aliyokuwa amefunga mzigo.

Mwaka 1996, wiki ile, Uvira ilikuwa imeshaanguka. Majeshi ya Rwanda na waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa wakipanda kuja Bukavu. Askari wa Mobutu walikuwa wanaiba magari ili wakimbie, wakubwa wa serikali walikuwa wameshaondoka. Mume wake alitaka wachukue njia ya msituni, kuelekea Walikale, na watoto wawili wadogo.

"Nilikuwa nimefunga masufuria kwa kitenge," alisema. "Ndipo sauti ya Musenyeri ikapita kwa redio. Alisema tusikimbie. Tubakie kwa nyumba, tusiibe vya jirani, tusimtende vibaya mtu kwa sababu ya kabila lake. Mume wangu akasema, huyu mzee anaweza kupata ndege kesho akitaka, na yuko hapa anatuambia tubakie. Basi naye anabakia. Nikafungua masufuria."

"Mliogopa?"

"Tuliogopa sana. Kubakia siyo kwamba hauogopi, mwanangu."

Jirani zao walioshika njia ya msituni hawakurudi wote. Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, gizani, na mimi sikuandika.

Bukavu, Ijumaa 29 Oktoba

Tuliteremka ngazi za Kadutu saa moja asubuhi, mimi mbele, mama mkubwa mkono begani kwangu, amevaa kitenge cha Wakina Mama wa Kikatoliki na viatu vya Jumapili. Teksi ilituacha Nyawera.

Nyawera ni njia panda. Pikipiki, teksi, wauza vocha, wanawake wenye mabeseni ya parachichi. Mtu asiyejua anapita tu. Mwenye kujua anajua: saa kama ya kumi na moja jioni, Jumanne, magari mawili yalikuja hapa na kukutana na askari walioingia mji. Musenyeri alishuka. Alikuwa na msalaba wake wa kifuani mkononi. Alitembea kuwaelekea, akawekwa kando, akapigwa risasi. Dereva wake na mlinzi wake waliuawa pia. Hao wawili hawatajwi mara nyingi, nami ningependa watajwe kila mwaka pamoja naye. Mwili wake ulilala barabarani usiku mzima na siku iliyofuata, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka nyumbani, mpaka wanafunzi wa Wasaveri, shirika la wamisionari, walipokuja jioni ya tarehe 30 na kumbeba.

Miaka 25, na hakuna aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Umoja wa Mataifa uliliandika jambo hili mwaka 2010 katika ripoti yake ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003. Ripoti iko. Kesi haiko. Nafundisha historia, na kila mwaka kuna mtoto anayenyoosha mkono kuuliza, "Mwalimu, aliyefanya hivyo alifungwa?" Nachukia kuona macho yake ninapojibu.

Nilijaribu kupima kwa hatua. Kutoka ukingo wa barabara hadi katikati ya njia panda ni hatua kumi na nane zangu. Mzee wa miaka sabini angetembea zaidi kidogo. Nilijiuliza kuna muda gani ndani ya hatua hizo. Muda wa kugeuka uko. Nimesimama pale na pikipiki zikinipigia honi, na ninachokifahamu ni kwamba kila mara kabla ya hapo, alipopata nafasi ya kukaa pembeni na kuwaacha wengine peke yao, alikuwa amekwisha kuikataa: kwa wanafunzi wa Lovanium, kwa wakimbizi wa Kashusha, kwa mama mkubwa na masufuria yake. Nyawera haikumfundisha kitu kipya.

Misa ya kumbukumbu ilijaa mpaka nje. Tuliimba Kiswahili na Kimashi. Katika maombi walitajwa wote waliokufa vitani, wa kila kabila, na mama mkubwa aliitikia kwa nguvu zaidi kuliko mimi. Kanisa linamwita sasa Mtumishi wa Mungu, na faili yake inafuatiliwa kwa ajili ya siku atakapotangazwa mwenyeheri. Wajesuiti wa Kinshasa wamekipa jina lake kituo cha watoto wa mitaani, Kituo cha Musenyeri Munzihirwa, na ninadhani hilo lingemfurahisha kuliko sanamu.

Baadaye tulikwenda makaburini, hapo hapo kwenye Kanisa Kuu. Karibu naye amelala Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyemfuata kwenye kiti. Huyu naye, Februari 2000, baada ya ujumbe wake wa Noeli kuwaudhi waliotawala mji, alizuiwa na kupelekwa uhamishoni Butembo miezi saba. Bukavu ilifunga makanisa na maduka kwa ajili yake. Alirudi Septemba watu wakitandika vitenge barabarani, na Oktoba alikufa akiwa Italia. Nilimwambia mama mkubwa kwamba nitarudi mwakani kwa ajili ya Kataliko, hadi Lubero alikozaliwa. Akasema, "Kwanza maliza hii."

Alikuwa amepiga magoti kwa shida, ameshika ukingo wa kaburi. Nta ya mishumaa ya jana ilikuwa imegandia kwenye jiwe. Aliikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo kidogo, akakusanya vipande kwenye kiganja, akavitia ndani ya leso. Akawasha mshumaa mmoja. Kisha akatoa wa pili kwenye mfuko wa sidiria, akauwasha kwa moto wa wa kwanza.

"Huu wa nani?" niliuliza.

"Wa baba yako. Walikuwa pamoja kule kwa jeshi, si ulisema?"

Tulikaa mpaka mishumaa yote miwili ikafika nusu. Aliponyoosha mkono nimwinue alikuwa amekwisha kufikiria jambo lingine.

"Ule mkanda uko wapi?"

"Uko Goma, mama. Kwenye sanduku."

"Shaba inaoza ikifungiwa. Ukifika, ipanguse kwa ndimu na majivu."

Meli inaondoka saa kumi na mbili. Nimeandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la majani ya chai, ndimu tatu mfukoni.